Nani Kakwambia Huna cha Kuibiwa?

"Mimi sina cha kuibiwa." Kauli hii nimeisikia Kahama, nimeisikia Katoro, nimeisikia Shinyanga mjini kwenye vibanda vya PlayStation ambako vijana hulipia mechi kwa shilingi chache na kubishana mpaka jioni. Huja mara tu unapomshauri mtu aweke kinga ya pili kwenye akaunti yake ya gemu, ile inayodai uthibitisho mwingine baada ya neno la siri. "Kaka, hii ni gemu tu, siyo benki." Na anayesema hivyo hayuko peke yake. Mzazi anamuunga mkono kwa kuwa gemu zote kwake ni kupoteza muda. Fundi simu anamuunga mkono kwa kuwa kinga hizo humchelewesha kazi. Hata mwalimu, mtu msomi, atakwambia uthibitishaji wa hatua mbili ni mambo ya watu wa Dar es Salaam wenye mishahara na kadi za benki. Huku machimboni mtu anahangaika na vumbi na zebaki, habari za udukuzi ni anasa.

Naipinga kauli hiyo mwanzo hadi mwisho. Naipinga kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa wanaoumizwa nayo ni hawa hawa wanaoisema. Mtu wa ukanda huu wa dhahabu, anayehama na simu yake kutoka rashi moja, yaani machimbo mapya yanayokimbiliwa na watu, hadi nyingine, anayechajisha simu kwenye kibanda cha mwenzake, aliyefunguliwa akaunti na mtu asiyemjua, anaihitaji kinga ya pili kuliko huyo mfanyakazi wa Dar es Salaam anayelala na simu yake chini ya mto.

Tuanze na hicho kinachoitwa gemu tu.

Chukua kijana anayefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Nyarugusu. Simu yake ina eFootball, ile iliyokuwa ikiitwa PES kabla Konami hawajaibadilisha jina mwaka 2021, na ina Free Fire. Free Fire ameiunganisha na Facebook, kwa sababu anayecheza kama mgeni tu, simu ikipotea, kila alichokusanya hupotea nayo. eFootball ameiunganisha na barua pepe. Barua pepe hiyo ndiyo ile Gmail iliyofunguliwa siku simu ilipowashwa kwa mara ya kwanza, nayo imeshika majina yote ya kwenye simu, picha zake, na mara nyingi maneno ya siri ya mahali pengine pote, yaliyohifadhiwa humo pale alipobonyeza kukubali bila kusoma. Gemu, kwa hiyo, haina mlango wake peke yake. Mlango wake ni Facebook, mlango wake ni Google. Aliyeingia kwenye gemu kwa kuiba neno la siri la Facebook ameshaingia Facebook.

Akishaingia, wale wachezaji wa kwenye gemu waliokusanywa kwa miezi huenda hana haja nao kabisa. Anachotaka ni jina. Shangazi aliyeko Maswa anapokea ujumbe: "Shikamoo shangazi. Nimepata shida huku machimboni, naomba unitumie elfu hamsini kwenye namba hii, laini yangu inasumbua." Watanzania tunaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetenga namba 15040 ya kuuripoti, na ripoti zake zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ndiyo inayoongoza kwa majaribio ya utapeli huo. Ukitoka kwa mgeni, siku hizi shangazi anaufuta. Lakini huu umetoka kwenye akaunti ya mpwa wake mwenyewe, una picha yake, umeendelea pale mazungumzo ya msiba wa wiki iliyopita yalipoishia. Kwa nini autilie shaka? Na anajua kwamba machimboni shida ni za kweli: duara, yaani shimo la kuchimbia, huporomoka, watu huvunjika miguu, wengine hawarudi. Anatuma. Akikosa, anakopa kwa jirani ili atume.

Sasa nani aliyeibiwa? Kijana aliyesema hana cha kuibiwa alikuwa na shangazi, na mwizi amempata kupitia kwake.

Wala sikubali kwamba gemu yenyewe haina thamani. Mtu ametumia bando, ametumia usiku mwingi, na wengine wametoa fedha halisi kununua almasi za Free Fire au koini za eFootball kwa kadi za mtandaoni zinazofungamana na akaunti zao za fedha za simu. Kijana akinunua jezi hatumwambii kwamba ni nguo tu ikiibiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na haikuandikwa humo "isipokuwa akaunti za gemu". Dola imetambua kwamba hilo ni kosa, halafu mwenye mali anakataa kwamba ni mali. Ukanushaji huo wa mwenye mali ndio ninaoupigania uondoke, maana mwizi anauhitaji kuliko kitu kingine chochote.

Kosa la pili la mawazo haya ni picha ya mwizi. Ukisema mdukuzi, watu wanamfikiria mzungu kijana aliyekaa gizani mbele ya kompyuta tatu, fundi wa kutisha. Kwa picha hiyo wanahitimisha kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kumtafuta mchimbaji wa Rwamgasa. Na kweli, hamtafuti. Mwizi wa Rwamgasa hahitaji kompyuta hata moja.

Angalia simu inavyoishi huku kwetu. Mtu amepata fedha kidogo baada ya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, kutoa vizuri, ananunua simu janja Katoro au Kahama. Hajawahi kuwa na barua pepe. Muuzaji au fundi anamfungulia kila kitu palepale: Gmail, Facebook, WhatsApp. Nani anachagua neno la siri? Fundi. Nani analikumbuka? Fundi. Wateja wangapi wamefunguliwa kwa neno hilo hilo moja, jina la mteja na mwaka, au namba yake ya simu? Mteja anaondoka na simu mfukoni, ufunguo ameuacha dukani. Fundi huyo anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, na wengi wao ni waaminifu. Lakini duka lina wasaidizi, lina daftari, na msaidizi akifukuzwa haachi kumbukumbu zake mlangoni.

Simu hiyo inaenda rashi. Rashi mpya haina umeme. Kuna mtu mwenye sola au jenereta, amepanga simu mezani nyingi, kila moja imebandikwa kikaratasi. Unaacha simu asubuhi unashuka chini ya ardhi, unaichukua jioni. Wengi huiacha bila kufuli la skrini, au humtajia mwenye kibanda namba ya kuifungua "ikipigwa, upokee". Kutwa nzima simu yako iko mikononi mwa watu. Dakika mbili zinatosha kufungua Facebook yako na kuongeza barua pepe nyingine kwenye mipangilio. Huenda usione chochote. Utaendelea kucheza, na mtu ataamua siku ya kukutoa.

Halafu simu inauzwa. Dhahabu ikikataa, simu ndiyo kitu cha kwanza kwenda sokoni. Ikiuzwa kwa haraka ya njaa, nani anakumbuka kutoka kwenye akaunti zake kabla hajapokea fedha? Mnunuzi anawasha data na kujikuta ndani ya maisha ya mtu mwingine.

Na namba za siri. Namba ya siri ya fedha kwenye simu ina tarakimu 4, na mwaka wa kuzaliwa una tarakimu 4, kwa hiyo watu wengi wameoanisha. Sasa angalia kitambulisho cha NIDA. Namba yake ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, namba hiyo tumeitaja kwa mawakala chini ya miamvuli, kwenye meza za kandokando ya stendi, kwa sauti, mbele ya foleni. Aliyeisikia amesikia na mwaka wetu wa kuzaliwa. Kijana anayetumia mwaka huo kwenye fedha, akauongeza kwenye jina lake kuwa neno la siri la Facebook, na akalitumia neno hilo kwenye gemu, ameandika ufunguo mmoja wa nyumba tatu na kuubandika kwenye kitambulisho chake.

Ndiyo maana nasema neno la siri peke yake, kwa mazingira haya, limeshindwa. Watu si wajinga. Neno la siri lilibuniwa kwa mtu mwenye faragha, na machimboni faragha ni adimu kuliko dhahabu.

Na jambo la kuniuma zaidi ni kwamba wachimbaji wetu wanaijua kanuni ya kinga ya pili kuliko mhandisi yeyote. Mawe yakitoka kwenye duara hugawanywa kwa viroba: sehemu ya mwenye leseni, sehemu ya mwenye duara, sehemu ya wachimbaji. Yakipelekwa karasha, kila upande una mtu wake anayetazama. Yakisafishwa kwenye mwalo, hivyo hivyo. Hakuna anayeambiwa, "Wewe una viroba vitatu tu, nenda kalale." Hakuna anayeona ametukanwa kwa sababu mwenzake ameweka mtu. Wanajua kwamba jicho moja linaweza kununuliwa, likasinzia, likadanganywa. La pili lipo kwa ajili ya saa hiyo. Uthibitishaji wa hatua mbili hauna zaidi ya hapo. Neno la siri ni kitu unachokijua, na hatua ya pili ni kitu ulichonacho mkononi. Cha kwanza kikiwa kimevuja kwa fundi, cha pili bado kimesimama. Mtu anayesimamisha macho mawili juu ya kiroba cha mawe ambacho hajui kama kina dhahabu, kwa nini aache jina lake na ndugu zake wote chini ya jicho moja?

Hapo ndipo hujibiwa: "Sawa, lakini huku mtandao mbovu. Nikisubiri ujumbe wa namba za uthibitisho nitakesha." Hoja hii ina uzito, na aliyewahi kupanda kichuguu kutafuta mnara anaijua. Ila inazungumzia aina moja tu ya kinga, ile ya SMS, ambayo ndiyo dhaifu kuliko nyingine. Ipo programu ya uthibitishaji, kama Google Authenticator, ambayo ni bure na haihitaji mtandao kabisa. Siku ya kuiunganisha, akaunti na simu yako hupeana siri moja. Tangu hapo, kila baada ya sekunde 30 simu hukokotoa namba yenye tarakimu 6 kutokana na siri ile na saa ya wakati huo, na upande wa pili hukokotoa hesabu hiyo hiyo. Zikilingana unaingia. Hakuna ujumbe uliosafiri, hakuna salio lililokatwa, na ukiwa bondeni pasipo na mnara namba zinaendelea kubadilika kama kawaida. Jambo moja la kuangalia: saa ya simu iwe sahihi. Simu iliyozimika siku nyingi kwa kukosa chaji ikawaka na tarehe ya ovyo itatoa namba zinazokataliwa. Weka saa ijirekebishe yenyewe na tatizo limekwisha.

Wengine hunijibu kwa kujiamini kwamba laini zao zimesajiliwa kwa vidole, kwa hiyo ujumbe wa SMS hauwezi kwenda kwa mwingine. Naheshimu kazi iliyofanyika mpaka laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Lakini usajili unajibu swali la laini ni ya nani. Haujibu swali la nani anayeishika leo. Laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba ile huweza kuuzwa kwa mtu mwingine kihalali kabisa. Fikiria maisha ya mchimbaji: amehamia rashi ambako mtandao fulani haushiki, akanunua laini nyingine, ya zamani akaitupa kwenye kopo. Facebook yake bado inaijua ile ya kopo. Baada ya muda, namba hiyo ni ya mama mmoja asiye na hatia huko Mbeya, na kila namba ya uthibitisho inamfikia yeye. Mahali pengine wizi wa laini umekuwa kazi ya watu kabisa. Wakenya wanaujua mji wa Mulot kwa habari hizo. Na asifikiri mtu kwamba ni balaa la maskini tu. Agosti 2019 Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, alitekwa akaunti yake baada ya wezi kuihamisha namba yake ya simu. Kwa hiyo ninachomwambia mchezaji wa Geita ni hiki: SMS ni bora kuliko hakuna, na programu ya uthibitishaji ni bora kuliko SMS. Na namba hizo, ziwe za SMS au za programu, hazitajwi kwa mtu yeyote. Hakuna huduma kwa wateja ya kweli inayokupigia ikuombe uzisome.

Hofu kubwa kuliko zote, na ninayoiheshimu kuliko zote, ni ya kujifungia nje. Simu imeanguka ndani ya duara lenye maji, au imeibiwa kwenye basi la Mwanza. Mwenye akaunti anarudi na neno lake la siri sahihi kabisa, anaambiwa alete namba ya hatua ya pili, na simu ya kuitoa haipo. Nimeona watu wakiizima kinga yote baada ya kusikia kisa kimoja cha namna hiyo. Huo ni uchungu wa kweli. Anayewahimiza watu waweke kinga bila kuwafundisha njia ya kurudi nyumbani anawadhuru, na wako wengi wanaofanya hivyo kwa haraka ya kuonekana wajuzi.

Njia ya kurudi ipo, nayo haina teknolojia ndani yake. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8, inayotumika mara moja tu. Facebook nayo hutoa za kwake. Ziandike kwa kalamu kwenye daftari, daftari likae nyumbani kwa mama, pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja. Usizipige picha zikakaa ndani ya simu ile ile. Google Authenticator nayo, tangu Aprili 2023, inaweza kuhifadhi nakala ya siri zake kwenye akaunti ya Google, kwa hiyo simu mpya inaweza kuzirudisha. Mchimbaji anayejua kutunza leseni yake isiingie maji miaka saba hawezi kushindwa na karatasi yenye namba kumi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha zilipo, maana zimefichwa ndani ya mipangilio, kurasa tatu chini, na kwa lugha ambayo wengi hawaisomi.

Nije kwa wale wanaojiona wameelimika katika jambo hili. Wao husema: "Mdukuzi akikutaka ataingia tu." Na wana ushahidi. Januari 2022 kampuni ya EA ilikiri kwamba akaunti zisizofika 50 za wachezaji wakubwa wa gemu ya FIFA 22 zilitekwa, tena zilikuwa na kinga ya hatua mbili. Wezi hawakuivunja kinga hiyo. Waliwapigia porojo wafanyakazi wa huduma kwa wateja mpaka wakabadilishiwa barua pepe za akaunti. Kwa hiyo, wanasema, kinga ya nini?

Kinga ya kuwafanya wezi wapungue. Tuache maneno tuangalie hesabu. Mwaka 2019 Google, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu vya New York na California San Diego, walipima: namba inayotumwa kwenye simu ilizuia asilimia 100 ya mashambulizi yanayofanywa na mashine, asilimia 96 ya ulaghai unaotupwa kwa watu wengi kwa pamoja, na asilimia 76 ya mashambulizi yaliyomlenga mtu mmoja makusudi. Miaka michache baadaye Google iliwawashia kinga hiyo watu zaidi ya milioni 150 bila kusubiri waombe, na Februari 2022 ikatangaza kwamba akaunti zinazotekwa miongoni mwao zilipungua kwa nusu. Hiyo asilimia 24 iliyobaki ndiyo pengo wanalolishika wapinzani wangu. Lakini ni nani huku kwetu anayelengwa makusudi na wezi waliobobea? Mwizi wetu ni wa jumla: anajaribu maneno ya siri ya watu elfu, anachukua yaliyofunguka, anaacha yaliyofungwa. Wachezaji wale wa FIFA walilengwa kwa sababu akaunti zao zilijulikana dunia nzima. Mchezaji wa Bulyanhulu anatafutwa na mtu anayetaka urahisi, na ni huyo wa urahisi ambaye hatua ya pili inamrudisha.

Na wenye gemu wenyewe walilitambua hili mapema, wakati sisi bado tunabishana kama gemu ina thamani. Kampuni ya Blizzard ilianza kuwauzia wachezaji wa World of Warcraft kifaa kidogo cha kutoa namba za uthibitisho mwaka 2008, mwaka ule ule Vodacom walipoanzisha M-Pesa Tanzania. Aprili 2011 mtandao wa PlayStation uliingiliwa, taarifa za akaunti milioni 77 zikavuja, na Sony wakaufunga kwa wiki tatu na zaidi. Kila aliyekuwa na neno moja la siri kwa kila kitu aliingia hatarini kwingine kote siku hiyo. Desemba 2015 Valve, wenye duka la gemu la Steam, walisema akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi. Agosti 2018 kampuni ya Epic iliwapa wachezaji wa gemu yake ya Fortnite dansi ya bure kwa sharti la kuwasha hatua ya pili. Kampuni zisizompa mtu kitu bila hesabu zilikuwa tayari kutoa zawadi ili watu wajifungie milango. Wao waliona hasara. Sisi hatuioni kwa sababu shangazi wa Maswa hatangazi.

Imebaki hoja moja, na hii inanikasirisha: kwamba anayedukuliwa amejitakia, ana tamaa. Aliona tangazo la almasi za bure za Free Fire, akabonyeza, ukaja ukurasa unaofanana na wa Facebook, akaandika neno lake la siri, basi ameze. Au alinunua akaunti yenye wachezaji wakubwa kwenye kundi la Telegram, na muuzaji aliyebaki na barua pepe ya kwanza akairudisha wiki iliyofuata. Ni kweli mambo haya hutokea, na ni kweli kununua akaunti ya mtu ni kununua nyumba ambayo hati yake imebaki kwa muuzaji. Lakini aliyebonyeza mara nyingi ni mtoto wa miaka 14 kwenye simu ya mama yake, na mama huyo anauza mchele Kahama na hesabu za wateja wake ziko kwenye WhatsApp hiyo hiyo. Tunamwambia nini? Kwamba mwanawe ana tamaa?

Hatukuwa hivi zamani. Wazee wa Shinyanga na Tabora wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi vikaunda Sungusungu, vikosi vyao vya ulinzi. Zipo sura za historia hiyo zisizopendeza, na waliohukumiwa bila ushahidi bado wana ndugu zao hapa. Ila lilikuwepo jambo moja ambalo tumelipoteza: yowe likipigwa, watu walitoka. Hawakuuliza kwanza kama ng'ombe walikuwa wawili au mia, wala kwa nini mwenye zizi alilala. Leo kijana akisema amedukuliwa, kijiwe kizima kinacheka. Kwa hiyo hasemi. Kwa kuwa hasemi, marafiki zake hawaonywi, na mwizi anapata siku tatu za kuzungumza na ukoo wote kwa jina lake. Aibu hiyo tunayoisambaza inamfanyia mwizi kazi.

Lawama zangu naziweka kwingine. Kampuni za gemu zinazochukua fedha Afrika Mashariki ziweke kinga ya hatua mbili mbele, kwa Kiswahili, siku ya kwanza ya kufungua akaunti, na si kuifukia ndani ya mipangilio. Mitandao ya simu, kabla ya kuuza tena namba iliyofungwa, iwe na njia ya kumwarifu mwenye namba ya zamani. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotokana na sheria ya mwaka 2022, iangalie meza za usajili wa laini ambako namba za NIDA husomwa hadharani. Na halmashauri zinazotoza ushuru vibanda vya simu Katoro, Masumbwe na Kakola zinaweza kuweka sharti dogo lisilogharimu kitu: fundi anayemfungulia mteja akaunti amwachie achape neno la siri kwa mkono wake mwenyewe, awashe naye hatua ya pili, amfungulie ukurasa wa zile namba 10 za akiba, na ampe kalamu aziandike kabla simu haijatoka mezani.